Mali bila Daftari: Siku Msaidizi wa Kompyuta Alipotunyamazia

(Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya ofisi yetu ya miradi mbele ya kamati za parokia na wageni wafadhili, mjini Shinyanga, mwanzoni mwa mwaka huu.)



 Wengine mmetoka Bukombe, Mbogwe na Nyang'hwale, wengine Kahama na Geita mjini, na tunajua hali ya barabara kipindi hiki cha mvua. Tumeombwa kueleza jambo ambalo lilizua maneno mengi mwezi Desemba 2025: kwa nini vikundi vinne vilichelewa kugawana fedha zao za mwaka, na kwa nini kikundi kimoja kilikaribia kugawana isivyo haki. Tumeona ni vema tueleze bila kuficha, kwa kuwa fedha ni zenu na aibu ni yetu.

FEDHA ZENYEWE NI ZA NANI

Kwa faida ya wageni, tuseme kwanza vikundi hivi ni vya akina nani. Katika ukanda huu wa dhahabu, kutoka Kakola hadi Nyarugusu, watu hudhani kila anayeishi karibu na mgodi ana fedha. Sivyo. Wapo wanaoshuka duarani, wapo wenye karasha, na wapo akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo na kuchenjua kwenye mialo kwa ujira wa siku. Mama wa namna hii leo anapata, kesho hapati. Akiba yake ya wiki ni hisa moja au mbili za kikundi, na mwisho wa mwaka anapogawiwa fedha zake, ndizo ada ya shule, ndizo bati, ndizo mbegu za mpunga.

Vikundi kama hivi si mchezo wa mtaani tena. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua kama daraja la nne la watoa huduma ndogo za fedha, na inavitaka visajiliwe. Kwa hiyo kumbukumbu lazima ziwe safi. Wachimbaji wadogo wenyewe wanalijua jambo hili. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe mwezi Machi 2019, mchimbaji ameona faida ya mzigo wake kupimwa na kuandikwa hadharani badala ya kuuzwa gizani kwa makadirio ya macho.

Basi nasi ofisini, tangu mwaka 2024, tuliamua kuvisaidia vikundi kwa programu ndogo ya kompyuta. Makatibu hutusomea kumbukumbu za kikao kwa simu, sisi tunaziingiza, na programu inakokotoa hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii. Vijana wetu wawili ndio walioiandika. Hawakuwa mafundi waliobobea. Walisaidiwa na kile kinachoitwa akili mnemba, wengine husema akili unde: msaidizi aliyemo ndani ya kompyuta, unayemweleza kwa maneno ya kawaida unachotaka, naye anakuandikia maelekezo ya programu.

Hatutaki kumdharau msaidizi huyu. Kazi ambayo ingetuchukua miezi sita vijana waliimaliza kwa wiki chache. Lakini kadiri alivyotusaidia, ndivyo tulivyozidi kuacha kujiuliza kazi ile inafanyikaje.

JUMATATU ILE

Katika wiki ya kugawana, vikundi vilikuwa vimeomba mfuko wa jamii utengwe kwanza kabla fedha za hisa hazijagawanywa. Vijana walikuwa wamebakiza sehemu hiyo ya programu, na walipanga kuimalizia Jumatatu asubuhi pamoja na msaidizi. Wakawasha kompyuta, wakamwita. Kimya. Wakaandika tena. Likaja tangazo fupi la Kiingereza kwamba haiwezekani kuunganishwa. Wakalifunga.

Sote tukasema kwa kauli moja: intaneti. Mtatuelewa kwa nini. Kumbukumbu ya tarehe 29 Oktoba 2025 ilikuwa bado mbichi, siku ya Uchaguzi Mkuu, huduma ya intaneti ilipozimwa nchi nzima na kukaa siku kadhaa hadi ilipoanza kurejea mwanzoni mwa Novemba. Na wenye kumbukumbu ndefu zaidi walikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania na kwa majirani zetu. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nasi tulishtuka.

Tukanunua bando jipya. Halikusaidia. Tukabadilisha laini ya simu tukaweka ya kampuni nyingine. Halikusaidia. Tukapiga simu kituo cha huduma kwa wateja, tukasubiri, tukaambiwa mtandao ni mzima. Hatukuamini.

Siku ya pili vijana waliona kwamba si msaidizi peke yake aliyenyamaza. Kila tovuti waliyofungua kwenye kompyuta ile ilitoa onyo kwamba mawasiliano si salama. Sasa tukasema ni kirusi. Tukafuta programu ya msaidizi ili tuiweke upya. Kuifuta kuliwezekana, kuiweka upya kukashindikana. Kwa hiyo jioni ya Jumanne tulikuwa na hali mbaya kuliko Jumatatu asubuhi, fedha ya vocha imekwisha, na makatibu wanne wanapiga simu kila saa: "Baba, tuwaambie nini wanachama?"

MWALIMU MSTAAFU NA SWALI LAKE

Jumatano alifika ofisini mwalimu mstaafu wa hesabu, mjumbe wa kamati mojawapo ya parokia. Alikuja kuchukua fomu zake tu. Vijana wakamwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia, akavuta kiti, akakaa kusubiri huku akiwatazama wanavyohangaika. Kisha akauliza:

"Wanangu, leo ni tarehe ngapi?"

Wakamtajia.

"Mbona kompyuta yenu inasema ni Januari 2018?"

Sote tukainama kutazama pembe ya chini ya kioo. Saa ilikuwa imerudi nyuma miaka karibu minane.

Maelezo yake ni haya, na tunaomba makatibu wayaandike. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna kibetri kidogo cha duara, kama kidonge. Kazi yake ni kuitunza saa wakati umeme haupo. Chetu kilikuwa kimekufa. Usiku wa kuamkia Jumamosi umeme ulikatika, na kompyuta ilipowashwa asubuhi ikaanza kuhesabu kutoka tarehe iliyowekewa kiwandani.

Mtauliza, tarehe inahusianaje na msaidizi aliye mbali? Inahusiana sana. Msaidizi hakai ndani ya kompyuta yetu. Maneno yetu husafiri kwa intaneti hadi kwenye mitambo mikubwa ughaibuni, nayo majibu husafiri kurudi. Kabla ya kuzungumza na mtambo wa mbali, kompyuta huuomba kitambulisho, kinachoitwa cheti cha usalama. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta yetu, ikiamini tuko mwaka 2018, ikaona vyeti vilivyotolewa mwaka 2025, ikasema: hati hizi hazijaanza kutumika, wenye nazo siwajui. Ni kama mlinzi wa geti aliyeshika kalenda ya zamani. Anawarudisha wageni wote halali, na yeye anadhani anafanya kazi yake vizuri.

Tulirekebisha saa kwa mkono, na muda huohuo msaidizi akaitika. Kibetri tulinunua dukani siku ileile kwa fedha ndogo kuliko bando tulilolipoteza. Na lililotuumiza zaidi ni kwamba moja ya maonyo yale ya kivinjari lilisema waziwazi kuwa saa ya kompyuta iko nyuma. Maneno yalikuwepo. Tulikuwa tukiyafunga bila kuyasoma.

KUMBE HUO HAUKUWA MWISHO

Hapa mtu angepiga makofi na kwenda nyumbani. Nasi tulikaribia kufanya hivyo.

Vijana walimalizia sehemu ya mfuko wa jamii, wakaanza na kikundi kimoja cha akina mama wa mialo upande wa Nyarugusu. Wanachama ni 30. Baada ya kutenga mfuko wa jamii, sanduku lao lilikuwa na shilingi 6,840,000. Programu ikasema zinapaswa kuwa 6,540,000. Yaani kulikuwa na shilingi 300,000 sandukuni ambazo programu haikujua zimetoka wapi.

Muda ulikuwa umekwenda, na simu zilikuwa zinaita. Vijana wakamwandikia msaidizi: jumla ya programu ni ndogo kuliko fedha zilizopo, fanya zilingane. Naye akafanya kama alivyoagizwa. Akaongeza mstari wa "mapato mengineyo", akaigawa ile ziada sawasawa kwa wanachama wote 30, shilingi 10,000 kila mmoja. Jumla zikalingana hadi senti ya mwisho. Tukafurahi. Tukamtumia mama katibu wa kikundi orodha ya malipo kwa simu.

Haikupita saa moja akapiga.

"Baba, hawa watano mnasema wanadaiwa mikopo, na mmewakata. Hawadaiwi. Walirejesha Jumamosi kwenye kikao cha mwisho. Fedha nimezipokea kwa mkono wangu, na nimeandika kwa mkono wangu."

"Mama, una hakika? Kompyuta haina hayo marejesho."

"Kompyuta haikuwepo kikaoni. Daftari lilikuwepo."

Kesho yake alipanda basi, akaja na daftari lenyewe, kaunta buku limefungwa kwenye khanga. Akafungua ukurasa wa Jumamosi. Majina matano, kiasi, na dole gumba la kila mmoja: 80,000, 60,000, 60,000, 55,000 na 45,000. Jumlisheni wenyewe. Ni 300,000.

Fedha ambazo programu haikuzijua ni zilezile walizorejesha akina mama watano. Zilipotelea wapi? Kijana wetu aliziingiza Jumamosi asubuhi, siku ambayo saa ilikuwa imekwisharudi nyuma. Programu yetu iliandika yenyewe tarehe ya siku ya kuingiza kumbukumbu. Kwa hiyo marejesho yale yaliandikwa kuwa ya Januari 2018, na wakati wa kugawana programu ilihesabu kumbukumbu za mzunguko wa mwaka 2025 tu. Vikundi vingine vitatu vilikuwa bado havijaingizwa, na hiyo ndiyo sababu havikuguswa.

Kibetri kilekile kilichomnyamazisha msaidizi ndicho kilichofuta malipo ya akina mama watano. Tuliliona kosa la kwanza kwa sababu lilitusimamisha. La pili halikutusimamisha, na kidogo lipite.

Fikirini mama aliyerejesha shilingi 80,000. Angekatwa 80,000 nyingine kwa deni alilokwishalipa, kisha angepewa 10,000 pamoja na wenzake. Tena angepewa karatasi iliyochapwa na kompyuta, yenye jumla zinazolingana, na nani angemsikiliza? Kuna watu wanaoamini karatasi iliyochapwa kuliko ushahidi wa mjane.

Wala hatuwezi kumtupia lawama msaidizi peke yake. Tulimwambia afanye jumla zilingane. Hatukumwambia atafute kwa nini hazilingani. Aliyeuliza kwa nini alikuwa mama mwenye daftari.

UKIONA KIMYA, ANZIA KARIBU

Ndugu zetu, parokia nyingine zimeanza kutumia wasaidizi wa namna hii, na nyingine zitaanza. Siku moja msaidizi atanyamaza. Tunaomba mfuate utaratibu ambao wachimbaji wetu wanaujua. Dhahabu isipoonekana, mchimbaji mzoefu hasemi mara moja kwamba mwamba hauna kitu. Anatazama kwanza kama karasha limesaga vizuri, kama mwalo umetegwa sawasawa, kama maji ni ya kutosha. Anaanzia pale mkono wake unapofika. Nasi tumegawa sababu katika sehemu nne, kutoka karibu kwenda mbali.

Kwanza, mezani. Someni tangazo lililo kwenye kioo hadi mwisho, na kama ni la Kiingereza mtafuteni wa kuwasomea. Liandikeni kwenye daftari kama lilivyo. Tazameni tarehe na saa. Tazameni kama nafasi ya kuhifadhia imejaa. Jiulizeni nini kimebadilika tangu jana: je, kuna programu iliyojisasisha yenyewe usiku? Je, kuna antivairasi mpya iliyowekwa? Zimeni, muwashe upya. Hayo yote hayana gharama.

Pili, njiani. Jaribuni tovuti nyingine kwenye kompyuta hiyohiyo, kisha jaribuni kwenye simu. Kama simu inafungua na kompyuta haifungui, kosa liko kwenye kompyuta. Kama zote mbili hazifungui, tuhuma ni ya bando au mtandao wenyewe. Jaribio hili la dakika mbili lingetuokolea siku mbili. Na kama ni nyaya za baharini, kama Mei 2024, au ni kuzimwa kwa nchi nzima, kama Oktoba 2025, hakuna bando litakalosaidia. Wekeni fedha mfukoni mfanye kazi kwa daftari.

Tatu, kwenye akaunti. Huenda neno la siri limebadilishwa na mmoja wenu asiwaambie wenzake. Huenda kadi ya benki inayolipia imekwisha muda. Huenda mmemaliza kiwango cha maswali mnachoruhusiwa kwa siku au kwa mwezi, na msaidizi atarejea baada ya saa kadhaa. Akaunti ya ofisi isiwe kwa jina na simu ya kijana mmoja, maana siku akihama anahama nayo.

Nne, kule kwao. Hata wakubwa huanguka. Tarehe 20 Oktoba 2025, hitilafu katika mfumo wa anwani za mitambo ya Amazon iliyoko Virginia, Marekani, ilisimamisha huduma nyingi duniani. Tarehe 18 Novemba mwaka huohuo kampuni ya Cloudflare, ambayo tovuti nyingi hupitia kwake, ilipata kosa: faili moja la ndani lilikuwa kubwa kupita kiasi kilichotarajiwa, na ChatGPT, mtandao wa X na wengine wengi wakatoweka kwa saa kadhaa. Wakati mwingine huduma haianguki bali hufungwa. Mwezi Machi 2023 kampuni ya OpenAI ilitangaza kufunga mitambo yake ya kuandika programu iliyoitwa Codex, na waliokuwa wakiitegemea wakapewa siku chache tu kuhama. Makampuni makubwa huwa na ukurasa wa kutangaza hali ya huduma zao. Utazameni. Wakikiri kosa ni lao, kaeni mngoje.

Tuongeze makatazo matatu. Msifute programu ya msaidizi kabla hamjajua kosa ni nini, maana kufuta hakutafuti kosa, kunaficha dalili. Msipakue programu ya "kutengeneza" kutoka kwa mtu msiyemfahamu, maana wezi hupenda watu wenye haraka. Na msibandike majina na madeni ya wanachama kwenye maswali yenu kwa msaidizi. Siku ile ya hekaheka kijana wetu mmoja alikaribia kubandika orodha nzima, akazuiwa na mwenzake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inatubana sisi pia. Deni la mama wa mwalo ni siri yake na kikundi chake.

TULIYOAMUA

Baada ya mgao kukamilika, na tunashukuru ulikamilika kabla ya Krismasi na akina mama watano walipata haki yao kamili, tuliketi ofisini tukakubaliana mambo yafuatayo.

Kibetri cha kila kompyuta tuliyo nayo kimeandikiwa tarehe ya kuwekwa, na kitabadilishwa kabla ya kufa. Orodha ya sehemu nne tulizozitaja imeandikwa kwa kalamu nene na kubandikwa ukutani, juu ya kompyuta.

Programu sasa inamtaka anayeingiza kumbukumbu aandike tarehe ya kikao kama ilivyo kwenye daftari, na inakataa tarehe iliyo nyuma ya kikao kilichotangulia. Mabadiliko haya vijana waliyafanya kwa msaada wa msaidizi yuleyule, lakini safari hii kila mstari alioandika waliueleza kwa Kiswahili kwenye daftari la ofisi, hadi mhasibu wetu akaelewa. Mstari wasioweza kuueleza hauingii.

Mara moja kila mwezi tunafunga kompyuta siku nzima, tunakokotoa kikundi kimoja kwa kalamu na kikokotoo, kisha tunalinganisha. Mara ya kwanza ilituchukua saa tano. Vijana walilalamika sana. Mara ya pili ilichukua saa tatu, na mmoja wao alisema kwamba sasa ndipo ameelewa programu aliyoiandika mwenyewe mwaka juzi.

Mwisho, na hili ndilo kubwa kuliko yote: hakuna kikundi kitakachogawana fedha kwa karatasi ya kompyuta peke yake. Katibu ataleta daftari, ofisi italeta karatasi, vitasomwa kwa sauti mbele ya wanachama. Visipolingana hatutauliza namna ya kuvilinganisha. Tutauliza kwa nini havilingani, na hatutagawana hadi jibu lipatikane. Na katika shaka, daftari lenye dole gumba ndilo linaloanza kusikilizwa.

TUNALOOMBA KWENU

Kwa kamati za parokia tunaomba jambo moja. Msiwaruhusu makatibu waache kaunta buku kwa sababu ofisi ina kompyuta. Tumesikia kwamba vikundi viwili vilishaanza kuandika kwenye vipande vya karatasi, vikisema "kompyuta itatunza". Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema daftari la nani. Ni la wenye mali.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi. Baadhi yenu mmetuandikia kuuliza kama tunahitaji kompyuta mpya, au msaidizi wa gharama kubwa zaidi asiyenyamaza. Tunawashukuru kwa moyo huo. Lakini kompyuta mpya nayo ina kibetri, na msaidizi wa gharama kubwa naye hupita kwenye nyaya zilezile za baharini. Tunachoomba ni kidogo zaidi na ni kigumu zaidi: kifaa cha kuhifadhi umeme ili ukikatika kompyuta isizimike ghafla, kaunta buku za vikundi vyote kwa mwaka huu, na nauli na chakula cha siku mbili ili makatibu wakutane wafundishane kutunza hesabu. Yule mama wa Nyarugusu amekubali kuwa mmoja wa walimu.

Hatujamwacha msaidizi wa kompyuta. Yupo, anafanya kazi, na leo asubuhi ameitika vizuri. Lakini tumemweka mahali pake. Yeye hutusaidia kuandika, nasi tunabaki na wajibu wa kujua kilichoandikwa. Atakaponyamaza tena, na atanyamaza, tutakagua saa, tutasoma tangazo, tutajaribu simu, na kama ni lazima tutasubiri. Kazi ya akina mama haitasubiri pamoja nasi.